Gauni la Uhura limegoma kukaa? Tafuta tatizo hapa

Najua umefika hapa kwa sababu kuna gauni jekundu liko juu ya cherehani na halifanani hata kidogo na lile la Luteni Uhura. Kwa asiyelijua, ni ile sare ya kike ya tamthilia ya TV ya Star Trek ya kwanza kabisa, iliyoanza kurushwa 1966, gauni fupi jekundu lenye mikono mirefu, kola nyeusi, utepe wa dhahabu mkononi na beji kifuani upande wa kushoto. Aliyeivaa ni muigizaji Nichelle Nichols. Ukiliangalia unasema mbona rahisi, halina lesi, halina marinda, halina shanga, na hapo ndo linapowakamata watu. Gauni la mbwembwe linaficha makosa, hili halifichi kitu, mshono ukihama nusu sentimita tu kila mtu anauona.

Kabla ya dalili, elewa kitu kimoja maana kitarudi rudi huko chini. Mavazi ya TV yanashonwa kwa ajili ya kamera. Muigizaji anasimama pale alipoambiwa asimame, taa zimeshapangwa, na kuna mtu wa mavazi yuko pembeni ana pini, shoti ikikatwa anakuja kuvuta hapa na kubana pale. We utakaa kwenye kiti, utainua mikono kupiga picha, utapanda ngazi, utakula. Kwa hiyo mara nyingi dawa ya gauni kugoma ni kuacha kuiga walichokifanya kule na kufanya kitu kingine ambacho mwilini kitaonekana vilevile.

Rangi sio yenyewe

Umeenda kununua kitambaa na skrinshoti mkononi, umefika nyumbani kinaonekana kama chungwa, au kimeenda kwenye damu ya mzee. Chanzo ni hiyo skrinshoti. Zile fulana za kapteni wa hiyo tamthilia ambazo wote tunajua ni za dhahabu, kiukweli zilikuwa za kijani, kijani fulani cha kuelekea njano, ila taa na filamu za wakati ule zikazitoa dhahabu. Mbunifu wa mavazi William Ware Theiss alikuwa analijua hilo na likabaki hivyo. Sasa kama kijani kimeweza kuwa dhahabu, nyekundu unayoiona kwenye simu yako ni ya kuamini kiasi gani? Simu mbili tu zitakupa nyekundu mbili tofauti.

Cha kufanya, omba kipande kidogo, kiangalie nje mchana alafu kiangalie usiku chini ya taa, kisha kipige picha ukiwa umesogea nyuma hatua tano hivi. Hiyo picha ndo uilinganishe na ya kwenye TV, sio kitambaa chenyewe. Mi naona bora ukosee kwenda kwenye nyekundu iliyokolea kuliko ile inayowaka, kwa sababu flashi ya kamera inapausha, na inayowaka ikipigwa flashi inaishia kuwa pinki pinki.

Kuna tatizo la rangi la aina nyingine kabisa, paneli ya kushoto inaonekana imekolea kuliko ya kulia na zote zimetoka kitambaa kimoja. Hayo ni manyoya. Kama umetumia velua au mahameli, pitisha kiganja juu ya kitambaa, upande mmoja kinalala laini, ukirudi kinakwaruza. Manyoya yakielekea juu rangi inakolea, yakielekea chini inapauka na kung'aa. Umekata kipande kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini ili kubana kitambaa, na sasa hivi hakuna dawa ya hilo, sio pasi sio maji, unakata paneli upya. Ndo maana kitambaa cha manyoya unanunua zaidi ya kile cha kawaida, na ukishakitandika tu unachora mishale ya chaki kwa nyuma kabla hata mkasi haujaguswa.

Limefuliwa mara moja limekuwa la mdogo wako

Tuko pamoja na wenyewe hapa. Sare za wanaume kwenye hiyo tamthilia zilikuwa za velua misimu miwili ya mwanzo na zilikuwa zinasinyaa zikisafishwa, msimu wa tatu wakahamia kwenye nailoni nzito ya kufuma. Yaani wao wenyewe walikiacha hicho kitambaa, alafu mtu leo anakitafuta eti ndo chenyewe.

Kipimo ni rahisi. Chora mraba wa sm 50 kwa 50 kwenye kitambaa kabla hujakata, kifue na kukikausha vilevile utakavyolifua gauni, pima tena. Ikiwa zimebaki 47.5 umepoteza asilimia 5, na kwenye nyonga ya sm 100 hizo ni sentimita 5 nzima, gauni halifungi. Fua kitambaa chote kwanza ndo ukate. Na pima urefu na upana mbali mbali kwa sababu vitambaa vya kufuma vinapenda kusinyaa urefu zaidi.

Ukiwa hapo hapo kwenye maji cheki kama nyekundu inachuja. Lowanisha kitambaa cheupe, kiweke juu ya chekundu, pitisha pasi ya moto. Kikipata alama fua tena, rudia mpaka kisipate. Kola ni nyeusi kwa hiyo haitaonyesha, ila bitana na ngozi ya shingo zitaonyesha.

Cherehani inaruka mishono

Karibu kila mara ni sindano, wala usianze kugusa mambo ya kukaza uzi. Sindano ya kawaida ina ncha kali, kwenye kitambaa cha kuvutika inatoboa nyuzi au kitambaa kinapanda nayo juu, uzi wa chini unashindwa kuudaka wa juu, mshono unarukwa. Weka sindano ya vitambaa vya kuvutika, ile yenye ncha ya mviringo, inasukuma nyuzi pembeni na kupita katikati. Namba 75/11 kwa kitambaa chepesi, 90/14 kwa velua nzito. Na kama hiyo sindano iko hapo tangu gauni la mwisho, itoe tu, inachakaa hata kama haijavunjika.

Kama uzi unajikusanya lundo chini ya kitambaa, watu wote wanakimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Kumbe shida iko juu. Umepitisha uzi wakati mguu wa cherehani umeshushwa, na mguu ukishushwa visahani vinavyokaza uzi vinajifunga, uzi unakaa juu yake badala ya kuingia katikati, hivyo hakuna kinachoubana na wote unamwagika chini. Toa uzi wote, inua mguu, pitisha upya. Dakika moja imeisha.

Mshono una mawimbi, au umejikunyata

Haya mawili watu wanayachanganya na dawa zake zinapingana, ukitibu moja kwa dawa ya nyingine unaharibu zaidi. Usitumie macho, tumia tepu. Chukua mshono wa pembeni ambao kwenye pateni, ile karatasi ya kukatia, una sm 60. Ukipima baada ya kushona ukakuta 62, kitambaa kimevutika, hayo ni mawimbi. Ukikuta 58 na nusu, uzi umekivuta kitambaa, huko ndo kujikunyata.

Mawimbi yanatokana na mguu wa cherehani unaokandamiza sana, au na mikono yako inayovuta kitambaa kwa nyuma ili kiende haraka. Punguza mgandamizo kama cherehani yako ina hiyo skrubu, acha meno ya chini yafanye kazi, mikono iongoze tu. Kwenye mabega na sehemu zozote zinazobeba uzito shona pamoja na utepe mwembamba usiovutika, maana bega likishavutika gauni zima linashuka. Mawimbi madogo yanaondoka kwa mvuke, shikilia pasi juu juu bila kugusa, acha kitambaa kijirudishe chenyewe kipoe kabla hujakiinua.

Kujikunyata ni uzi umekazwa sana, au mshono mfupi mno kwa hicho kitambaa. Ongeza urefu hadi mm 3, legeza uzi wa juu kidogo, jaribu kwenye kipande cha kitambaa hichohicho kikiwa tabaka mbili, sio kwenye shuka la zamani. Na cheki bobini, uzi wa polyester ukijazwa kwa mwendo wa kasi unavutika ukiwa kwenye bobini, ukishashona unarudi kwenye urefu wake na kukunja mshono. Hiyo inachanganya sana kwa sababu mshono unatoka mzuri alafu unajikunja baadaye.

Mshono unapasuka ukikaa? Umeshona mstari ulionyooka kwenye kitambaa kinachovutika, kitambaa kinaenda uzi hauendi. Tumia zigizaga nyembamba, upana nusu milimita hadi 1, kwa mbali inaonekana imenyooka. Na bitana pia lazima ivutike, bitana ngumu ndani ya gauni la kuvutika inakuwa ndo saizi ya gauni.

Velua peke yake ina ugonjwa wake, tabaka mbili zinatembeana, unaanza zimelingana unamaliza moja imezidi sentimita. Pini hazitoshi. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono mistari miwili, mmoja kila upande wa mahali mshono utakapopita, kisha shona ukifuata manyoya yanakolala. Inachosha, lakini kufumua velua kunachosha zaidi na kunaacha alama. Na pasi usiiweke usoni kamwe, tandika kipande kingine cha velua manyoya juu, laza gauni kifudifudi juu yake, tumia mvuke.

Kola

Hapa ndo gauni linapopatia au linapokosea, kwa sababu ni nyeusi juu ya nyekundu na iko karibu na uso.

Kola inasimama mbali na shingo kama sahani: ni ndefu mno. Kwenye kitambaa cha kuvutika kola haikatwi urefu sawa na shingo, inakatwa asilimia 85 hadi 90 yake. Shingo ikiwa na sm 50 kwenye mstari wa mshono, kola iwe sm 42.5 hadi 45, alafu ndo uongeze nafasi ya mshono. Lakini kabla hujaipunguza hebu pima shingo ya gauni lako sasa hivi, linganisha na pateni. Wengi wanakuta pateni inasema 50 na gauni lina 54, kwa sababu shingo ni mviringo, imekatwa mshazari sehemu nyingi, ukiinyanyua nyanyua wakati wa kushona mabega inavutika. Hapo kola haina kosa. Pitisha mshono wa kushikilia kuzunguka shingo mara tu baada ya kukata, kabla ya kazi nyingine yoyote.

Kola ikiwa inavuta na kuna mikunjo inatawanyika kama miale ya jua chini yake, basi ni fupi mno, au ni ya kawaida ila umeigawa vibaya. Gawa kola mara nne, gawa shingo mara nne, pini alama na alama, kisha unaposhona vuta kola peke yake ifikie shingo. Ukivuta zote mbili hujafanya kitu. Ikiwa imepinda upande mmoja, alama ya katikati ya mbele haikukutana na mwenzake, angalia kwanza hapo kabla ya kulaumu pateni.

Vipovu juu ya kola baada ya kufua ni kile kitambaa cha gundi cha kukazia ndani kimeachia. Mara nyingi pasi ilisuguliwa badala ya kubanwa. Weka, bana sekunde 10 hadi 15, inua, sogeza, bana tena, acha ipoe. Na tafuta kile chepesi kinachovutika, kile kigumu cha kola za shati kitakufanya uonekane umefungwa bandeji.

Ukiinua mkono gauni zima linapanda

Mtu akiona hivi anafikiri kwapa limembana, anachukua mkasi anashusha shimo la mkono chini zaidi. Basi, ameua gauni. Shimo la mkono likiwa chini ndo linavyozidi kuvuta, kwa sababu mkono umeungana na ubavu mbali na pale bega linapozungukia, ukiinua mkono unainua na ubavu. Likiwa juu karibu na kwapa, mkono unazunguka peke yake na gauni linabaki lilipo. Kwa kitambaa cha kuvutika nafasi ya sm 1.5 hadi 2 chini ya kwapa inatosha kabisa.

Kwenye TV hili halionekani maana muda mwingi Uhura amekaa kwenye kituo chake, mkono mmoja sikioni. We utainua mikono miwili kila mtu akitaka picha.

Kama umeshakata chini, njia inayookoa ni kikwapa, kipande cha pembe nne unachokishona pale mishono minne inapokutana kwapani. Anza na sm 8 kwa 8, jaribu kwa bandi, punguza. Kwenye nyekundu hakionekani mkono ukiwa chini. Njia nyingine ni kufumua mkono na kuchora upya kichwa chake kiwe kifupi na kipana zaidi, hiyo inafanya kazi vizuri ila inataka uwe na kitambaa kilichobaki.

Kifua, mgongo, zipu

Mikunjo ya kitambaa inaonyesha kidole mahali pa tatizo. Ikilala kutoka titi hadi titi, kifua kimebana. Ikishuka kutoka bega kuja kifuani, kifua kinataka nafasi zaidi, na ukiangalia utakuta pindo la mbele limepanda kuliko la nyuma, usilinyooshe kwa kukata nyuma, ongeza kwenye kifua. Mkunjo mmoja mnene wa kulala mgongoni juu ya kiuno maana yake nyuma ni ndefu au nyonga imebana na kitambaa kimepanda kutafuta nafasi. Toa mishono ya nyonga sentimita moja kila upande kwa bandi, vaa. Mkunjo ukipotea ilikuwa nyonga. Usipopotea ni urefu, unapunguza pale kiunoni, sio kwenye pindo.

Zipu ya kujificha ikiwa na mawimbi mgongoni, kitambaa kimevutika wakati wa kuishona. Bandika ukanda mwembamba wa gundi kwenye kingo zote mbili kabla. Na kama inaonyesha meno, hukuifungua kwa pasi kwanza, yale meno yamejikunja kwa ndani na sindano imeshindwa kuyasogelea. Pasi ya uvuguvugu tu, ni plastiki.

Utepe wa dhahabu na beji

Luteni ana mstari mmoja tu mkononi, kwa hiyo ukipinda hakuna mwingine wa kuuficha. Tatizo la kawaida ni mkono kujikunja pale utepe ulipo, au kiganja kushindwa kupita. Utepe hauvutiki, mkono wa gauni unavutika. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, pima mzunguko sehemu pana kabisa, mkono wa gauni pale kwenye utepe uwe angalau na hicho kipimo. Shona utepe kabla hujafunga mshono wa mkono, kitambaa kikiwa kimelala mezani. Ukiisha kufunga, unashona kwa sindano ya mkono, cherehani itakusumbua bure. Ncha za utepe zichome kidogo kwa moto kama ni wa plastiki, zisifumuke.

Beji inayoinama mbele na kuvuta kitambaa ni nzito kuliko kitambaa. Weka kipande cha kukazia kwa nyuma, kikubwa kuliko beji kwa sentimita kadhaa kila upande, mzigo usambae. Na usiigundishe, weka vifungo vya kubana, maana gauni litafuliwa na beji haifuliwi.

Pindo

Pindo la mawimbi tumeshaongea, ni mguu wa cherehani ule ule. Pindo lililoenda juu chini siku ya pili ni jambo lingine. Sketi yake imefunguka kidogo chini, sehemu zilizokatwa mshazari zinaendelea kushuka kwa uzito wake. Tundika gauni usiku mzima au siku nzima bila pindo, kisha livae na viatu utakavyovaa, mtu mwingine apime kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka pande zote. Usijipimie mwenyewe, ukiinama tu kipimo kimehama. Kunja sm 2, sindano pacha, au mkono kama ni velua.

Ikiwa liko sawa ukisimama lakini linapanda ukitembea, na umevaa taiti, hiyo ni nailoni na taiti zinashikana kwa umeme wa msuguano. Pitisha henga ya chuma ndani ya sketi kabla ya kutoka, au weka bitana laini. Likipanda ukikaa, ni fupi tu, kuna kipimo cha kusimama na kipimo cha kukaa. Ongeza sm 4 au 5 kuliko unavyoona kwenye skrini, kwenye picha ya mwili mzima hakuna atakayeshtuka, na kwa mabaki ya kitambaa shona kaptula fupi ya rangi ileile ya kuvaa ndani. Kiuno chake weka lastiki pana, nyembamba inajikunja na kuchora mstari nje ya gauni.